Likizo bila Serengeti: Jumamosi moja kutoka Kimara hadi Kigamboni

Daftari lilikuwa la darasa la nne, la mwaka uliopita. Mama alilifungua akitafuta kurasa tupu za kuandikia vipimo vya wateja wake. Ndani yake akakuta insha ya mwanawe wa kiume, "Nilivyotumia likizo yangu". Mtoto alieleza kwamba alikwenda Ngorongoro na baba yake. Waliona simba watatu, tembo wengi na ukungu uliofunika kreta asubuhi. Mwalimu alimpa alama 17 kati ya 20, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Vizuri sana."

Mama huyo ni fundi cherehani wa Kimara, jijini Dar es Salaam, na likizo ile aliikumbuka vizuri. Baba wa watoto alikuwa njiani na lori, Tunduma na kurudi, karibu mwezi mzima. Mtoto alishinda ndani na mdogo wake, geti limefungwa, televisheni imewashwa. Ngorongoro hakwenda. Hakufika hata Kivukoni, mwendo wa kilomita zisizozidi 20, ambako basi la mwendokasi kutoka Kimara linafika moja kwa moja.

Hakumgombeza. Alilirudisha daftari mahali pake, lakini insha ile haikumtoka kichwani. Mtoto hakudanganya kwa sababu ni mwongo. Alipewa kichwa cha habari na hakuwa na habari yenyewe.

Kila Juni shule zinapofungwa, nyumba nyingi za mjini huwa hivyo. Wazazi wako kazini, mtaani kuna bodaboda na watu wasiojulikana, na mtandaoni kuna picha za familia nyingine zikiwa Serengeti au Zanzibar. Mzazi akipiga hesabu ya safari ya namna hiyo anakata tamaa, na akishakata tamaa hapigi tena hesabu ya safari ndogo. Mwezi unakwisha watoto wakiwa wamehama tu, kutoka kwenye kochi kwenda kwenye simu.

Safari hii mama alitenga Sh30,000 na Jumamosi moja. Alitaka watoto wake wawili, wa kiume mwenye miaka 11 na wa kike mwenye miaka sita, waione bahari. Tatizo lilikuwa yeye mwenyewe. Alizaliwa Singida, hajui kuogelea, na kwa miaka yote aliyoishi Dar es Salaam hakuwahi kuingia baharini kupita vifundo vya miguu.

Tazama mwezi kwanza

Nyumba ya tatu kutoka kwake anaishi mzee aliyezaliwa Mafia, aliyevua samaki tangu ujana wake kabla ya kuhamia kwa mwanawe Kimara. Mama alimwendea jioni moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Alimweleza kwamba Jumamosi anataka kuwapeleka watoto baharini. Mzee hakuuliza ufukwe gani wala nauli kiasi gani. Aliuliza mwezi ni wa ngapi. Mama akadhani anauliza tarehe, akamjibu. "Siulizi wa ukutani," mzee akasema, akanyoosha kidole juu. Mwezi ulikuwa nusu.

"Jumamosi hii ni maji mafu. Ukifika asubuhi utakuta bahari imejaa, watoto watatazama maji tu. Ngoja ijayo, mwezi utakuwa mpevu. Hapo ni bamvua. Nenda uone bahari ilivyo tupu."

Elimu hiyo kila mtoto wa pwani aliipata bila kufundishwa darasani, na wengi waliokulia mjini hawana. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja hivi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika zinazokaribia 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia mita tatu na zaidi. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana, nayo huitwa maji mafu.

Kwa mzazi, jambo la kushika ni hili: katika pwani ya Dar es Salaam, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi hivi. Ni wakati mzuri kwa watoto, kabla jua halijawa kali. Siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi hiyohiyo bahari inakuwa imejaa. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kipimo tayari, kwani bamvua huangukia karibu na mwanzo wa mwezi na katikati yake. Wengine wanaweza kutazama mbinguni, au kutafuta jedwali la maji kupwa na kujaa kwenye simu. Ratiba ya bahari hailipiwi kiingilio.

Mzee alimpa masharti matatu. Watoto wavae viatu hata ndani ya maji. Mkono usiingie kwenye shimo ambalo jicho halioni ndani yake. Na wakifika tu, wachomeke kijiti pale maji yalipoishia. "Maji yakirudi yakakipita kijiti, mchezo umekwisha. Hata kama mtoto analia."

Feri, kabla jua halijapanda

Jumamosi ya mwezi mpevu walipanda basi saa moja asubuhi. Kapu lilikuwa na chapati, mayai ya kuchemsha, chupa mbili kubwa za maji, nguo za kubadilisha, kofia, khanga mbili na yeboyebo za watoto. Kila mtoto alikuwa na namba ya simu ya mama iliyoandikwa kwa kalamu kwenye mkono, chini ya kiwiko. Ni jambo dogo, lakini kwenye umati mtoto wa miaka sita akibanwa na hofu husahau hata jina la mtaa wao.

Basi lilishuka Barabara ya Morogoro, likapita Ubungo, Manzese, Magomeni, likavuka bonde la Jangwani na kuingia mjini. Baada ya kituo cha Posta ya Zamani, bandari ikafunguka upande wa kulia. Mtoto wa kike alisimama kwenye kiti.

"Mama, haya maji yote ni ya nani?"

"Ya watu wote," mama akajibu. Abiria wa kiti cha mbele akacheka.

Kivukoni ndiyo mwisho wa njia. Soko la samaki la Feri liko hatua chache, na asubuhi ndio wakati wake, kwa kuwa vyombo vilivyolala baharini vinashusha na mnada unaendelea. Mzazi anayetaka kuwapitisha watoto sokoni awashike mkono. Sakafu ni mbichi, wapagazi wenye ndoo na matenga wanapita mbio, nao hawana muda wa kumkwepa mtu aliyesimama kushangaa. Nusu saa inatosha.

Mama alikuwa amempa mwanawe kazi: arudi na majina kumi ya samaki. Kazi kama hiyo humfanya mtoto awe na sababu ya kuzungumza na watu wazima. Alianza kwa aibu, lakini kwenye meza ya tatu mchuuzi mmoja akamchukua kama mwanafunzi wake. Akamwonyesha changu, kibua, kolekole, nguru na jodari. Akainua pweza, kisha ngisi, akamtaka aseme tofauti. Mtoto alihesabu mikono ya pweza, ikawa minane. Ngisi akamkuta na minane na miwili mirefu zaidi. Aliandika yote kwa penseli kwenye kijitabu ambacho sasa kilishaanza kunuka.

Kivuko kilikuwa mlango wa pili. Nauli ya mtembea kwa miguu ni Sh200 na safari yenyewe ni dakika chache, lakini kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda chombo cha majini hiyo ni safari kamili. Familia ikae mbali na mlango wa magari, na isubiri magari yatulie kabla ya kushuka. Upande mmoja unaonekana mji na Kanisa la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, lililojengwa enzi za Wajerumani. Upande mwingine ni mlango mwembamba wa bandari, ambamo meli kubwa za makontena hupita karibu kiasi cha kumfanya mtu ainue shingo.

Hapo ndipo mahali pa kumsimulia mtoto jina la mji wake. Kabla ya meli hizi palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji kando ya bandari hii iliyokingwa na mawimbi, na jina la Dar es Salaam likashika. Mtoto wa kiume aliuliza kwa nini hawakupita darajani. Daraja la Nyerere lipo Kurasini, lina urefu wa mita 680 na lilifunguliwa Aprili 2016. Lakini daraja ni la mwenye haraka, na wao siku hiyo hawakuwa na haraka.

Kijiti kwenye mchanga

Kutoka kwenye gati la Kigamboni walichukua bajaji hadi ufukweni. Baadhi ya fukwe za upande huo zina kiingilio na huduma ya vyoo na vivuli, nyingine ziko wazi. Mzazi aulize kwanza, na asiogope kuuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ili ukingo huo usigeuke ua wa mtu.

Ilikuwa saa nne na robo. Mzee alikuwa amesema kweli. Mahali ambapo mama alitarajia mawimbi palikuwa na mchanga mpana wenye mikunjo kama kitambaa kisichopigwa pasi, na mbele yake miamba myeusi iliyochomoza. Katikati ya miamba kulikuwa na vidimbwi vya maji vilivyoachwa nyuma. Mbali kidogo, mtu mwenye fimbo alikuwa akichungulia mashimo kutafuta pweza.

Kijiti kilichomekwa. Mtoto wa kike akateuliwa kuwa mlinzi wake, cheo alichokichukua kwa uzito mkubwa.

Dimbwi moja la mwambani linaweza kumshughulisha mtoto kuliko michezo yote ya simu, mradi akae kimya kwa dakika tano bila kulitibua. Mwanzoni haonekani kitu. Kisha jiwe linatembea, kumbe ni kaa mdogo anayeishi ndani ya kombe la konokono. Kisha visamaki visivyozidi urefu wa kidole vinatoka chini ya mwani. Nyota ya bahari aliyeonekana amekufa anasogeza mkono mmoja, polepole mno.

Kuna vya kutazama tu. Wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi huumiza vibaya wakikanyagwa, na ndiyo maana ya sharti la viatu. Yavuyavu waliotupwa mchangani huweza kuwasha hata wakiwa wamekufa. Konokono wenye umbo la koni, wazuri wa kuvutia mkono wa mtoto, wana mwiba wenye sumu, na wapo katika Bahari ya Hindi. Kanuni rahisi kwa familia ni kwamba kombe tupu lililo juu ya mchanga linaokotwa na kutazamwa, chenye uhai kinaachwa dimbwini.

Kwa karibu nusu saa maji yalizidi kurudi nyuma, na kijiti kikabaki peke yake katikati ya mchanga. Mlinzi alianza kuchoka. Mama alikaa juu ya khanga, akala chapati, akapokea ujumbe wa mteja aliyetaka kujua gauni lake limefikia wapi. Aliusoma, hakuujibu, akaiweka simu kapuni.

Saa sita kasoro robo sauti ikapigwa.

"Mama! Kijiti!"

Maji yalikuwa yamekipita. Hayakuja na wimbi wala kelele, yalikuja kama maji ya ndoo iliyomwagika sakafuni. Mama alitazama mwambani. Mwanawe alikuwa bado amechutama juu ya dimbwi, kama hatua thelathini mbele, amewapa mgongo. Kati yake na ufukwe kulikuwa na bonde dogo la mchanga ambalo walilivuka pakavu asubuhi. Sasa lilikuwa limejaa.

Alimwita. Mtoto akajibu bila kugeuka, "Bado kidogo, mama."

Alimwambia mdogo mtu asiondoke juu ya khanga, akamwomba mama mwingine aliyekuwa jirani amtazamie. Kisha akapandisha gauni, akaingia. Maji yalimfika chini ya magoti. Si mengi, mvuvi angeyacheka. Lakini kwa mtu wa Singida asiyejua kuogelea, kila hatua ilikuwa ya kukisia, mchanga ukihama chini ya nyayo. Alifika mwambani, akamshika mwanawe mkono.

"Nilikuwa nahesabu samaki," mtoto alisema, kisha akaona maji yalipofika. Hakusema tena neno. Walirudi wameshikana, na nyuma yao lile dimbwi likawa sehemu ya bahari.

Hapo ndipo safari ya bahari inapokuwa na hatari, na ni vizuri mzazi ajue hivyo kabla ya kutoka nyumbani. Maji yanaporudi hayaanzii mbele ya mtoto. Yanajaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yake, na anayetazama mbele hajui kwamba njia imekatika. Shirika la Afya Duniani linataja kuzama majini miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto duniani, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kwa hiyo mtoto mdogo awe karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono, maji yasipite magoti yake, na mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu: kutazama. Wakiwa watu wazima wawili au watatu, wapokezane kwa kutajana, "sasa ni zamu yako," maana panapokuwa na wazazi watano kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Juni na Julai upepo wa kusi huchafua bahari, na karibu na mlango wa bandari kuna mikondo ya maji na vyombo vinavyopita, hivyo hapo hapafai kuogelea.

Mama huyo hakuapa kutorudi. Alikaa mchangani mpaka moyo ulipotulia, kisha akawaambia wanawe, wote wawili, kwamba mzee alikuwa na haki kuhusu kijiti.

Fuvu kutoka Ngorongoro

Saa saba walikuwa wamesharudi ng'ambo. Pale Feri watoto walichagua samaki wenyewe, akakaangwa, wakala na ugali kwa mikono yenye chumvi. Kisha wakatembea taratibu, robo saa hivi, hadi Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert. Njia hiyo inapita karibu na maeneo ya Ikulu, hivyo kamera ya simu ikae mfukoni.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, na cha mtoto ni kidogo zaidi. Familia iliyotoka baharini haina nguvu za kutazama kila kabati, wala haihitaji. Vitu viwili au vitatu vinatosha. Watoto wengi hupenda magari ya zamani ya viongozi, yakiwemo yaliyotumiwa na Mwalimu Nyerere. Wakubwa kidogo wanaweza kuonyeshwa kumbukumbu ya waliokufa katika shambulio la bomu kwenye Ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998, na kuelezwa kwa maneno machache.

Kitu cha tatu ni chimbuko la binadamu. Makumbusho haya ndiyo yanayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, la miaka inayokadiriwa kuwa milioni 1.75. Watoto wamwombe mwongozaji awaambie kama wanachokiona ni fuvu lenyewe au nakala, na kwa nini nakala hutengenezwa. Ni swali zuri, na mara nyingi hufungua mazungumzo. Jina lenyewe lina uhusiano na pwani, kwani Zinj ni jina ambalo waandishi wa Kiarabu wa zamani waliiita pwani hii ya Afrika Mashariki.

Mama alisimulia kama alivyoelewa. Tarehe 17 Julai, 1959, mtafiti Mary Leakey alitoka kutembea. Mumewe, Louis, alikuwa mgonjwa, amebaki kambini. Mary alikuwa na mbwa wake, akipita kwenye miteremko na kutazama chini, akaona kipande cha mfupa kimechomoza kwenye udongo, na meno. Mahali hapo ni bonde la Olduvai, ndani ya eneo la Ngorongoro.

Mtoto wa kiume aliposikia neno la mwisho alitazama viatu vyake.

"Mama, mwaka jana niliandika kwamba nilikwenda Ngorongoro."

"Najua. Niliisoma."

Alisubiri kugombezwa. Haikutokea. Baada ya muda akauliza, "Huyo mama alikuwa anatembea tu, siyo? Hakujua kama atakiona."

"Alikuwa anatembea, anatazama chini."

"Kama mimi kule mwambani."

"Kama wewe. Ila yeye alikuwa nchi kavu."

Bustani ya Mimea iko jirani, na miti yake mikubwa ilipandwa katika ardhi ambayo Wajerumani waliitumia kujaribisha mazao. Walipumzika kivulini. Mtoto wa kike alilala, kichwa juu ya mapaja ya mama. Saa tisa na nusu walikuwa kwenye basi la kurudi, kabla ya msongamano wa jioni. Katika ile Sh30,000 ilibaki noti ya elfu tano.

Jumamosi nyingine

Si kila Jumamosi ni ya bamvua, na mwezi wa likizo una Jumamosi nne au tano. Zile za maji mafu zina mahali pake.

Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili zilizojengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali ya Tanzania. Kilianza katika miaka ya 1960, na kituo cha daladala cha hapo kimechukua jina lake. Mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba ya tofali anaweza kuingia ndani ya tembe, kama ile ambayo bibi yake alikulia, na kuuliza moshi ulikuwa unatokea wapi. Siku nyingine kuna ngoma, ni vizuri kuulizia kabla.

Wenye fungu kubwa kidogo wanaweza kupanda treni ya umeme ya SGR hadi Morogoro na kurudi siku hiyohiyo. Safari ni chini ya saa mbili. Kwa nauli zilizotangazwa mwaka 2024, daraja la kawaida lilikuwa Sh13,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka minne hadi 12. Tiketi inunuliwe mapema, na kiti cha dirishani kizungumzwe kabla ya safari ili kuepusha ugomvi. Milima ya Uluguru inapojitokeza mbele, hata mtu mzima hutaka dirisha.

Bagamoyo nayo inafaa kwa siku moja, hasa magofu ya Kaole yenye msikiti na makaburi ya mawe ya karne nyingi zilizopita. Wanaotaka visiwa vya Mbudya au Bongoyo, ambavyo ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, wapande boti iliyosajiliwa tu, na wahakikishe koti la kuokolea linamtosha mtoto kwa ukubwa wake. Koti la mtu mzima huchomoka juu ya kichwa cha mtoto. Na mwisho wa Juni hadi Julai kuna Maonesho ya Sabasaba, ambako ile namba ya simu kwenye mkono ina kazi kubwa zaidi.

Mzazi wa Mwanza, Dodoma au Mbeya ana Kivukoni yake pia. Ni mahali ambapo yeye hupita kila siku na mtoto hajawahi kushuka garini. Aanze na hapo. Amtafute mtu mmoja anayepajua tangu utoto wake, amuulize lini pa kwenda na nini cha kuogopa.

Shule zilipofunguliwa Julai, mwalimu wa darasa la tano alitoa kichwa kilekile. Mtoto aliandika jikoni, akamuuliza mama kama "bamvua" huandikwa kwa neno moja. Insha ilianza na kijiti. Haikuwa na simba hata mmoja, na majina ya samaki yalikuwa tisa, la kumi lilifutika kwa maji ya Feri.

Alama bado hazijarudi. Kwenye kalenda ya ukutani, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kuna Jumamosi moja ya Agosti iliyozungushiwa chaki ya fundi. Mwezi utakuwa umeandama, na baba wa watoto atakuwa nyumbani.